Semina ya miujiza na sayansi pale Pasiansi: nyota tatu, ya nne imeondoka na samaki

Jamani niliahidi nikitoka semina nitaandika, nimechelewa wiki nzima zamu zimenibana, ila ngoja niweke hapa kwa wale wanaouliza kama awamu ya pili inafaa kulipia au wakae na hela yao.

Ilikuwa siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, ukumbi wa kanisa maeneo ya Pasiansi hapa Mwanza, jina naliacha, mnaopajua mmeshapajua. Kiingilio elfu 15 ndani yake chai, chakula cha mchana na daftari. Kwenye bango waliandika miujiza na mipaka ya sayansi. Mimi kazi yangu ni maabara, kutwa niko na darubini na vidole vya watu, na Jumapili niko kwaya, yaani mada kama hii ni kama wameniita kwa jina. Nikalipa mapema kabisa.

Tuanze na mabaya niyamalize. Ratiba ilisema sa tatu, tumeanza sa nne na nusu. Spika moja ilikuwa inakoroma, mliokaa kushoto poleni. Umeme ukakatika katikati ya mada, jenereta ikawashwa ikawa na kelele kuliko mwalimu mwenyewe. Viti vile vya plastiki kuanzia asubuhi mpaka sa kumi, mgongo wangu una ushuhuda wake. Na chakula sasa. Tumetangaziwa wali na sato, foleni imefika kwangu samaki wameisha, napewa kijiko cha dagaa na pole. Hapo asubuhi tumetoka kufundishwa mikate mitano na samaki wawili walivyolisha watu elfu tano wakabaki na vikapu kumi na viwili! Jamaa nyuma yangu akasema kwa sauti "leo muujiza umegoma", foleni nzima ikacheka hadi mama wa jikoni.

Haya, mada. Mwalimu ni mchungaji aliyewahi kufundisha fizikia sekondari, anaongea vizuri, hana makelele, anakusubiri uandike. Ila kipindi cha kwanza alinikera maana alianza na ile ya nyuki. Mmeisikia wote nadhani, kwamba sayansi imepiga hesabu ikakuta nyuki hawezi kuruka lakini anaruka, kwa hiyo Mungu yupo. Aisee hii hadithi izikwe. Mwaka 2005 wanasayansi kule California walimrekodi nyuki kwa kamera za kasi wakaona anavyopiga mbawa, mapigo mafupi mafupi kama 230 kwa sekunde moja, na hesabu zikakaa sawa. Shida yangu na hii sio nyuki, ni kwamba ukimficha Mungu kwenye tundu ambalo sayansi haijaliziba, siku likizibwa unamhamishia wapi? Babu zetu walikuwa na matundu mengi, degedege ilikuwa tundu, kichocho hapa ziwani kilikuwa tundu, leo mayai ya kichocho mimi nayaona kwenye mkojo kabla sijanywa chai.

Akaendelea na ajali ya MV Nyerere na hapa naomba waandaaji wanisome taratibu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko kimepinduka karibu kufika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, wamekufa zaidi ya watu 220, halafu tarehe 22 waokoaji wakamkuta fundi wa kivuko yuko hai mle ndani, alikuwa kwenye chumba kilichobaki na hewa. Mwalimu akasema, mnaona Mungu alivyomuokoa. Ukumbi makofi. Mstari wa mbele yangu kuna mama kajifunga kitenge cha bluu, akakusanya daftari lake na peni taratibu, akatoka, hakurudi mpaka chai. Sikumuuliza na wala haikuwa kazi ya kuuliza, huku kwetu ukitaja kivuko kile kwenye watu mia na kitu hukosi mwenye kaburi Ukara au Ukerewe. Mimi sina shida na yule fundi kumshukuru Mungu, ningekuwa mimi ningeshukuru mpaka nikauke sauti, na ile hewa kubaki mle ndani haimnyimi mtu kushukuru. Lakini ukisimama na maiki ukasema huyu kaokolewa, basi uwe na neno la wale mia mbili na ishirini, na siku ile hakuwa nalo. Ukitaja aliyetoka hai tu, hiyo hesabu mimi maabara ningeirudisha.

Sasa mazuri, na ndo yamefanya nisidai hela yangu. Baada ya chai mwalimu akafungua Luka 5, Petro na wenzake wamevua usiku kucha hawajapata kitu, Yesu anawaambia shusheni nyavu. Kuna mzee mmoja mvuvi, kaja na koti lake linanuka ziwa, akanyoosha mkono. Akasema mwalimu unapita haraka hapo. Sisi wavuvi tunatoka usiku, dagaa tunawafuata siku za giza na taa, mwezi ukiwaka tunalala nyumbani, na wavu wa kutega mchana samaki anauona anaukwepa. Sasa mtu amekesha hajapata kitu, ameshaosha nyavu, halafu fundi seremala anamwambia rudi kilindini jua limeshatoka. "Ng'wanawane (yaani mwanangu), asiyejua uvuvi hawezi kushangaa hapo. Petro alishangaa kwa sababu alikuwa anajua kazi."

Ukumbi ukatulia kabisa. Yaani huyu mzee kwa dakika mbili alitoa kitu ambacho mimi nimekuwa nakitafuta kukisema miaka, kwamba muujiza haumuhitaji mjinga. Kama hujui mambo huwa yanaendaje kila siku, kila kitu kwako ni muujiza, kwa hiyo hakuna kilicho muujiza. Sayansi kazi yake ni kukwambia huwa inakuwaje, ukirudia mara mia inakuwaje. Jambo lililotokea mara moja asubuhi moja ziwani halirudiwi, hapo maabara inakosa cha kushika na kinachobaki ni shahidi, umuamini au usimuamini. Mwalimu naye akaacha slaidi zake akamfuata mzee, akamtaja David Hume, Mskoti, aliyeandika 1748 kwamba ushahidi wa muujiza haupokelewi mpaka iwe kusema uongo kwa huyo shahidi kungekuwa ajabu kubwa kuliko muujiza wenyewe. Nilifurahi kwamba hakumtukana wala hakumkimbia. Akasema Hume ametupa kipimo kigumu, tusikilalamikie, tukitumie. Hiyo saa moja peke yake ni elfu kumi.

Kipindi cha maswali nikauliza kuhusu ule utafiti wa maombi wa Marekani uliotoka 2006, wagonjwa 1,802 wa upasuaji wa moyo kwenye hospitali sita. Kuna waliombewa bila kuwa na uhakika kama wanaombewa, kuna hawakuombewa, na kuna waliombewa na wakaambiwa kabisa. Makundi mawili ya kwanza yalipata matatizo baada ya upasuaji karibu sawasawa, asilimia 52 na 51, na walioambiwa wanaombewa wakapata zaidi, 59. Mwalimu akajibu Mungu sio panya wa maabara na imeandikwa usimjaribu Bwana. Jibu nalikubali, nusu. Maana kama maabara haiwezi kumkataa Mungu basi tusiitumie kumtangaza, huwezi kukataa karatasi ya majibu ikiwa mbaya halafu ikiwa nzuri uipeperushe madhabahuni.

Na ndicho kilichofanyika Jumamosi. Kipindi cha shuhuda, dakika arobaini, watu kumi na wanne, hakuna aliyeulizwa swali. Wakatoliki kule Lourdes, Ufaransa, wana ofisi ya madaktari tangu 1883, mtu akisema amepona wanaomba mafaili ya kabla na baada, wanasubiri miaka waone kama ugonjwa haurudi, na katika madai zaidi ya elfu saba mpaka 2018 kanisa lilikuwa limekubali 70 tu. Mimi sio Mkatoliki ila ule uvumilivu nauonea wivu. Anayeamini kweli anaogopa nini kipimo cha marudio?

Katika wale kumi na wanne kulikuwa na mama mmoja, akasimama na kadi yake ya kliniki, sukari ilikuwa 18 sasa ni 8, haleluya nyingi. Bahati nikakaa naye kwenye chakula (yeye alipata sato, akanimegea mkia, Mungu ambariki). Nikamuuliza kwa upole, mama, dawa umeacha? Akanishangaa. "Niache kwa nini? Mwaka jana nilikuwa nameza siku ninayokumbuka, nilishakata tamaa mwanangu. Nimeombewa nikapata nguvu, sasa nameza kila siku na wali nimepunguza." Nikamwambia mbona hukusema hivyo mbele. Akasema maiki waliichukua haraka.

Hebu fikirieni, huo ndo ushuhuda bora wa siku nzima na umekatwa nusu ili unoge. Mwenye sukari aliyekaa nyuma kule ameondoka na ile nusu nyingine, na akifika nyumbani akavitupa vidonge sijui nani atabeba hiyo lawama. Waandaaji, awamu ya pili ongezeni dakika mbili kwa kila shahidi na mumuweke nesi mmoja pembeni, waumini manesi mnao tele.

Kwa hiyo nyota tatu. Ukienda, kaa kulia, beba mto wa kukalia, foleni ya chakula wahi.

Yule mama wa sukari amekuja kwetu maabara Jumanne, kaniruhusu niandike. Kaja hajala kitu, nikamtoboa kidole, 7.4. Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi, akasema Bwana asifiwe. Nikasema amina, nikamjazia kadi, nikamwambia tarehe ya kurudi na kwamba vidonge asiviguse kuvipunguza mpaka daktari aseme. "Mbona unarudia," akasema, "si nilikwambia nameza?"