TAHADHARI: Viti vya nje vyenye "mito isiyoteleza", msilipe kabla hamjaugeuza mto

Wakuu, salaam.

Kama unatafuta viti vya barazani au vya bustani kipindi hiki, soma hii kabla hujatuma pesa. Kuna muuzaji mtandaoni hapa Dar anauza seti za viti vya kusuka, vile vya plastiki inayoigiza henzirani ambavyo wengi mnaviita ratani. Kivutio chake kikubwa ni kwamba mito yake "haitelezi kamwe". Inateleza. Na ukishalalamika ndipo utapeli wenyewe unapoanza.

Mimi ni fundi wa makochi. Seti hizi siku hizi naletewa mara kwa mara, wateja hawajuani kabisa, lakini kisa ni kile kile hadi maneno waliyoambiwa kwenye simu. Jina la ukurasa siandiki maana lishabadilishwa zaidi ya mara moja. Hili likichafuka wanafungua jingine. Kisichobadilika ni video, kwa hiyo washikeni kwa hiyo.

Kwenye video kijana anainua kiti, anakipindua miguu juu, anakitikisa, na mto umeganda pale pale. Mteja wangu mmoja aliuziwa kiti hicho hicho cha maonyesho kwa bei ya punguzo. Nilipokilaza nikakuta chini ya kikalio vipande vya mshipi wa kuvulia, ule mwembamba ambao kamera haiuoni, umepitishwa kwenye msuko na kushonewa kwenye mto, halafu ukakatwa kwa mkasi kabla ya kumpelekea mteja. Vitobo vya sindano bado vipo kila kona ya mto, viwili viwili.

Sasa unacholetewa nyumbani. Mto una vidoti vyeupe upande wa chini, ukiviangalia haraka utasema ni raba. Vikwangue kwa ukucha: vinatoka unga, kwa sababu ni rangi iliyochapwa tu juu ya kitambaa. Raba ya kweli ukiiburuza kwa kidole gumba inagoma. Mto wenyewe umekatwa mdogo kuliko kikalio, pembeni panabaki uwazi wa kuingiza vidole vitatu, kwa hiyo kila ukikaa mto unasogea mbele na wewe unasogea nao. Foronya haina zipu, imeshonwa mazima. Nilidhani ni ubahili wa zipu, kumbe ni ili usione ndani: nimekuta vipande vya sponji vya rangi tofauti, masalia ya magodoro, vimeungwa kwa gundi. Sponji ya hivyo ikinywa maji ya masika haikauki vizuri, na foronya huwezi kuivua uianike, mwisho wake ni ukungu na harufu.

Ukipiga simu hawakatai. Wapole kweli, "pole sana dada yangu", "usijali bosi". Wanakwambia seti uliyochukua ni ya kawaida, inahitaji "kifurushi cha kuzuia kuteleza". Wateja wangu wametajiwa 85,000. Kifurushi chenyewe ni vipande vya velkro, ule mkanda wa kubandika na kubandua wa viatu vya watoto, vyenye gundi mgongoni.

Hapa nieleze kidogo, maana hata wauzaji wengine waaminifu wanauza kitu hiki bila kujua. Plastiki nzuri ya viti hivi ni polietilini, ndiyo hiyo hiyo inayotengenezewa madumu ya maji. Gundi za kawaida hazishiki polietilini. Bandika selotepu kwenye dumu, liache juani, kesho yake uone. Tena msuko hauko bapa, una mabonde na vilima, kwa hiyo mkanda unagusa vilima tu. Jua la saa saba likiwaka gundi inalainika, mkanda unang'oka na kubaki kwenye mto, na kwenye kiti unaachiwa utando unaonasa vumbi na kuwa mweusi.

Ukilalamika tena wanamtuma "fundi wao", nauli juu yako. Huyo ndiye anayeua kiti. Anapigilia mto kwenye msuko kwa mashine ya pini. Kwa nyumba za Kigamboni au Mbezi Beach, hewa ya chumvi inazitia pini kutu upesi, kutu inachora kitambaa. Na pini ikikata utepe mmoja wa msuko, ncha inaanza kufumuka kila mtu anapokaa. Mto ulioharibika natengeneza. Msuko uliofumuka katikati ya kikalio ni kazi ngumu na ya gharama, wengi wanaishia kukitupa.

Msiseme natafuta kazi, kwa sababu dawa yake fundi cherehani yeyote wa mtaani anaiweza. Mto ukatwe sawasawa na kikalio, ujae. Nyuma zishonwe kamba za turubai, ziingie ndani ya mshono wenyewe na si kushikizwa juu juu, kisha zifungwe kwenye bomba la fremu. Kwenye bomba, narudia, si kwenye utepe wa msuko. Mwenye kochi la watu watatu aongeze mkanda wenye kifungio kama cha begi unaopita chini ya kikalio. Upepo wa kusi ukianza mtanikumbuka, mto usiofungwa unaukuta kwa jirani. Chini ya mto unaweza kutandika ile raba ya matundu ya kuwekea chini ya zulia, inasaidia sana, ila ikate iwe ndogo kidogo kuliko mto na uwe unaiinua mara kwa mara, maana zile za bei rahisi zinalainika kwa joto na kunata kwenye kiti.

Kabla ya kulipa kwa yeyote, nenda ukaone kiti kwa macho. Akikwambia stoo haina ruhusa ya kuingia wateja, achana naye. Geuza mto. Kwangua. Fungua zipu, bonyeza sponji uone inarudi au inabaki imebonyea. Nenda na sumaku ndogo: wanasema fremu ni alumini, sumaku ikinasa ni chuma, na chuma kilichofichwa ndani ya msuko kinaoza bila wewe kuona. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri. Duka linaitwa hivi, jina linalokuja ni la mtu binafsi asiyejulikana: simama hapo hapo. Na dai risiti ya EFD. Hawa niliowataja hawatoi, wanaandika kikaratasi cha mkono kisicho na TIN.

Kwa aliyekwishalizwa, usifute meseji hata moja. Hifadhi ile video kabla hawajaifuta, muamala wa malipo, na picha za mto upande wa chini. Malalamiko ya bidhaa zinazonadiwa kwa uongo yanapokelewa na Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kama wamekula pesa na mzigo hawajaleta, hilo ni la polisi, kachukue RB.

Na tafadhali, kama mto wako umeshapigiliwa pini usiuvute kwa nguvu. Kilaze kiti kifudifudi, kata kila pini katikati kwa koleo ndogo, toa nusu moja moja. Ukivuta utang'oa na msuko.

Mwenye kukutana na ile video ya kiti kinachopinduliwa kwenye ukurasa mpya, aweke skrinishoti hapa chini ikiwa na tarehe.