Kutoka Sugar Loaf hadi Goshen: nilivyofuata nyayo za farasi Hambletonian

Mwezi wa saba nilikwenda Goshen, jimbo la New York, pamoja na ami yangu aliyefuga punda Lamu kwa miaka mingi. Tulikusudia kuona Harness Racing Museum, makumbusho ya mbio za farasi wanaokokota kigari cha magurudumu mawili. Nashukuru hatukuanzia pale. Nawe ukienda, anzia Sugar Loaf.

Sugar Loaf ni kitongoji cha Chester, chini ya mlima uliochongoka kama donge la sukari la zamani. Siku hizi barabara yake ina maduka ya mafundi wa kazi za mikono. Hapo alizaliwa Hambletonian, tarehe 5 Mei 1849, kwa mama kilema. Mwenye shamba, Jonas Seely, aliwauza mama na mtoto kwa kibarua wake, William Rysdyk, kwa dola 125. Kwa kibarua wa wakati ule hiyo si pesa ya mchezo. Lakini baadaye Rysdyk alikuja kutoza hadi dola 500 kwa kila jike aliyeletwa kupandwa, na dume lile likazaa watoto zaidi ya 1,300. Karibu farasi wote wa vigari wanaokimbia Marekani leo ni damu yake.

Kaburi lake liko Chester, kati ya nyumba za watu: nguzo ya mawe iliyosimamishwa mwaka 1893. Ami aliweka kiganja juu ya jiwe, akaniomba nimsomee jina mara mbili.

Usafiri ndio uliotuchosha. Gari tuliloagiza kwa simu lilitushusha Sugar Loaf likaondoka, na kupata jingine ikawa kungoja zaidi ya saa nzima juani. Nendeni na gari lenu. Kutoka kitongojini hadi Chester, kisha Goshen, ni mwendo mfupi tu.

Makumbusho yenyewe, yaliyofunguliwa mwaka 1951, yamo ndani ya banda la farasi la zamani, na vyumba vya farasi bado unavitambua. Mimi nilivutiwa zaidi na vigari. Vile vya kale vina magurudumu makubwa, dereva amekaa juu juu. Mwaka 1892 vikaja vyenye magurudumu ya baiskeli, madogo, ya kujazwa upepo, na muda wa kumaliza maili moja ukapungua ghafla. Ukivitazama kwa pamoja unaelewa bila kuelezwa.

Nyuma yake kuna Historic Track, uwanja uliopo tangu 1838. Tulibahatika kukuta mbio. Ami hakutazama nani anaongoza, alitazama miguu: wa mbele kulia ukitoka na wa nyuma kushoto, tak-tak-tak, bila kukosea. Sheria hairuhusu shoti. Farasi akianza kupiga shoti, dereva lazima amrudishe kwenye mwendo wake, huku wenzake wanampita. Kisha wakaja wale wanaotupa miguu ya upande mmoja kwa pamoja. Ami akanishika mkono. "Hii ni telki," akasema. "Hii naijua." Hakukaa tena mpaka mbio zikaisha.