Mastaz ya usalama shambani: watu kumi na moja, glovu pea moja

Watu kama wanne hivi wameshaniuliza "kaka ile mastaz yako ya usalama na afya kwenye kilimo ikoje, nijaze fomu?" na kila nikianza kujibu hasira zinapanda, naandika maneno mengi halafu nafuta. Leo naandika mara moja, atakayesoma asome. Ada, masomo, sifa za kujiunga, hayo yote yapo kwenye tovuti yao na yamepangwa vizuri kweli, kuna na picha ya watu wamevaa ovaroli nyeupe na miwani wanacheka katikati ya shamba. Hiyo picha ikumbukeni.

Mi ni bwana shamba, kazi nafanyia Mbeya, kwetu Ilula kwenye nyanya. Chuo sikitaji.

Sasa siku ya praktikali. Ilikuwa masika ile, viazi vimeshachanua, tukapakiwa kwenye kosta tukapelekwa juu huko Uporoto, baridi mpaka meno yanagongana, ukungu hata mtu wa mbele yako humuoni vizuri. Zoezi lenyewe darasani tulishafundishwa linavyotakiwa kwenda. Kwenye bomba la kupulizia mnaweka maji matupu na rangi fulani inayong'aa, mtu anapuliza mistari yake miwili mitatu, halafu mnaingia chumba cha giza mnammulika na taa kama ile ya kukagulia noti feki, hapo ndo mnaona dawa ingekuwa imemfika wapi, shingoni, mgongoni, vidoleni, kila mahali. Mi nililisubiri hilo zoezi muhula mzima aisee, nilishaona kabisa nitakavyokuja kulifanya kwa wakulima wangu.

Tumefika, rangi haijaja. Eti bado haijanunuliwa. Mtu wa maabara aliyetupeleka akatoa chupa ya dawa yenyewe, ya wadudu, lebo ina mkanda wa njano. Kwa asiyejua, ile mikanda ya chini ya lebo ina maana yake, nyekundu ndo kali kuliko zote, njano inafuata, halafu bluu, mwisho kijani. Njano sio ya kuchezea. Nikauliza kwa adabu tu, mwalimu, glovu ziko wapi? Akafungua boksi akatoa pea moja. Watu kumi na moja. Na hiyo pea ya mkono wa kulia ina tundu kwenye dole gumba, nimeliona kwa macho yangu, nikapitisha na kidole kuhakikisha. Nikasema hizi si tuvae kwa zamu basi. Akanigeukia, mbele ya wenzangu wote na mbele ya mwenye shamba: "Wewe bwana shamba, hapa hatujaja kuvaa, tumekuja kujifunza. Mkulima wa darasa la saba anapuliza kila wiki hajafa, wewe wa mastaz unaogopa?"

Hatujaja kuvaa tumekuja kujifunza. Kwenye mastaz ya USALAMA. Mpaka leo nikiwa naoga hiyo sentensi inanirudia.

Na mimi ujinga wangu, nikaona aibu, nikabeba bomba. Lita kumi na sita mgongoni, sili ya mfuniko, ule mpira wa kuzuia kuvuja, imekufa, ukiinama kidogo tu linatema, nikasikia ubaridi unashuka mgongoni, unaingia kwenye mkanda, unaendelea chini. Sasa wiki moja tu nyuma mwalimu wetu wa somo la sumu alitufundisha kwamba dawa nyingi zaidi humwingia mpuliziaji kwa ngozi na sio kwa pua kama tunavyodhani, na kwamba ngozi haifanani mwili mzima, kuna vipimo vya zamani vya Marekani walipima kwa parathioni, dawa moja ya wadudu, wakakuta ngozi ya korodani inapitisha karibu mara 12 ya ngozi ya mkono. Darasa lilicheka sana siku ile. Dada mmoja nesi wa Makambako akanitazama suruali ilivyolowa akasema kimya kimya "kumi na mbili kaka". Sikucheka. Maji ya kunawa hayakuwepo, tukanawia kwenye mfereji, tukala chapati na mayai kwa mikono hiyo hiyo ndani ya kosta. Usiku kichwa kiliniuma vibaya. Sisemi ni dawa, baridi ya kule nayo inaumiza kichwa, lakini tuseme ukweli, hata ningetaka kujua ningejuaje, hakuna aliyetupima damu kabla.

Na hili la damu ndo lilikuwa somo zuri kuliko yote, hapo lazima nikiri, bora nikiri sasa kabla sijakasirika tena. Kuna kimeng'enya mwilini kinaitwa kolinesterasi, kazi yake ni kama kuzima swichi baada ya mshipa wa fahamu kutuma ujumbe. Dawa za wadudu za jamii ya oganofosfeti zinakifunga. Swichi haizimiki, mate yanatoka, jasho, mboni za macho zinakuwa kama tundu la sindano, misuli inacheza yenyewe. Na kila mtu ana kiwango chake, kwa hiyo unatakiwa umpime kabla ya msimu ndo upate pa kulinganishia, ukija kumpima ameshaanza kuumwa bila kile kipimo cha kwanza unaweza kuona kiwango "cha kawaida" kumbe kwake yeye kimeshashuka vibaya.

Mwalimu anaeleza hayo, mi akili imeshahama darasani. Nyumbani Ilula nikiwa mdogo kulikuwa na kibarua, alipuliza nyanya tangu asubuhi, jioni tukamkuta amekaa chini ya mti anatoka mate kama mtoto anayeota meno, kifua kinakoroma. Wengine wakasema karogwa, zahanati wakamchoma sindano ya malaria. Alipona, ila hakurudi tena kwetu, alisema shamba lile lina watu. Miaka yote hiyo nimeishi na hadithi ya lile shamba lina watu. Nilitoka nje ya darasa nikasimama koridoni.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ni kozi ya hovyo siwezi kusema ni ya hovyo. Ndo kinachoniudhi.

Maana elimu yenyewe ipo. Wenzetu Chuo Kikuu cha Iowa huko Marekani walianzisha taasisi ya tiba ya kilimo, yaani afya ya watu wa mashambani, tangu 1955, Sweden walilazimisha trekta mpya ziwe na fremu ya kumlinda dereva likipinduka tangu 1959, vifo vikashuka, vitu vinajulikana. Mkataba wa ILO, shirika la kazi duniani, wa usalama na afya kwenye kilimo, namba 184, ni wa 2001. Haya yote tulifundishwa na tukajibu mtihani. Halafu glovu moja ina tundu.

Niliporudi nilienda ofisini kwa mratibu. Akasema lete kwa maandishi. Nikaandika, YAH: UPUNGUFU WA VIFAA VYA KUJIKINGA SIKU YA MAFUNZO KWA VITENDO, kwa heshima zote, nakala kwa nani na nani. Kimya. Kwenye mtihani likaja swali la ngazi za kudhibiti hatari, yaani kwanza ondoa hatari yenyewe, ukishindwa weka kingine kisicho na madhara, ukishindwa rekebisha kifaa, halafu panga kazi upya, na glovu na barakoa ndo za mwisho kabisa. Nikajibu kwa mfano wa Uporoto, sikutaja jina la mtu. Nikapata 18 kwa 20 na pembeni mwalimu kaandika kwa kalamu nyekundu "kweli kabisa". Kweli kabisa! Kumbe mnajua! Ningepata 5 ningeumia kidogo kuliko hiyo kweli kabisa.

Haya, upande mwingine. Likizo nilienda Ilula, kwa baba mdogo, nimefika tu "kamwene mwanangu", hata chai sijanywa nikamwomba anioneshe bomba lake. Mgongoni lina alama nyeupe ya dawa iliyokauka, ameliegesha jikoni. Anapima dawa kwa kizibo cha soda, anakoroga kwa kijiti na kijiti kikikatika anamalizia na mkono. Zamani ningemhubiria glovu, angeitikia, ningeondoka, basi. Safari hii nilikwenda dukani nikanunua sili mpya ya mfuniko na klipu ya mpira, hela ya soda mbili, nikafunga mwenyewe, nikalijaza maji nikalibeba nikainama mpaka chini. Halikutema tone. Baba mdogo akanivua akalibeba na yeye, akainama, akajipapasa mgongoni, akasema "kumbe lilikuwa bovu?" Miaka sita alidhani ndo bomba lilivyo. Hilo nimelipata kwenye hii mastaz, sio pengine.

Basi nikasema nitatoa nyota nne. Kweli nilishaamua nne.

Sasa juzi nimeenda kufuatilia cheti. Naambiwa jaza klirensi kwanza. Maktaba wamesaini, bweni wamesaini, nafika maabara namkuta yule yule. Ananipa fomu, mstari wa tatu: "Vifaa vya kujikinga (ovaroli, gambuti, miwani, barakoa, glovu) seti 1, vimepokelewa na kurejeshwa", na mahali pa sahihi yangu. Nikamwambia mzee, mi sikupewa hivi vitu. Akasema kila mwanafunzi anasaini hapo ni utaratibu tu, usijicheleweshe.

Fomu ninayo hapa mezani, imebaki sahihi moja. Nyota weka mbili kwanza.