Uchambuzi wa baiskeli ya chuma ya inchi 28: je, inaitosha familia nzima kijijini?

Ndugu watazamaji, karibuni. Leo nimeweka mbele yenu baiskeli ambayo wengi wenu mnaijua tangu utotoni: ile nyeusi ya chuma, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za fito, keria pana nyuma na stendi ya miguu miwili. Nitaichambua kwa swali moja tu, nalo ni iwapo inaitosha familia inayoishi kijijini, ambako baiskeli haitolewi nje kwa ajili ya mazoezi wala matembezi ya jioni, bali humpeleka mtoto shule, huchota maji, huwahi zahanati na kurudisha mavuno nyumbani, mara nyingi yote hayo katika siku moja na kwa miguu ya watu tofauti.

Jibu langu nalitoa mapema. Chombo hiki ni imara na kinatengenezeka popote, lakini ile yenye bomba la juu lililonyooka iliundwa kwa kipimo cha mwanamume mzima, tena mrefu, na familia inayoinunua hiyo huwa imemnunulia baba usafiri huku wengine wakibaki abiria. Ninayoipendekeza ni ile ya jamii hiyohiyo yenye fremu iliyo wazi katikati, nayo pia ifanyiwe marekebisho machache kabla ya kukabidhiwa kazi.

Tuanze na umbo lenyewe. Magurudumu mawili yanayolingana, mnyororo unaoendesha gurudumu la nyuma na usukani ulio mbele ya mwendeshaji ni mpangilio uliopata umaarufu mwaka 1885, John Kemp Starley alipotoa baiskeli ya Rover mjini Coventry, Uingereza. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi la upepo, na tangu hapo mambo ya msingi hayajabadilika sana. Viwanda vya Uingereza, kama vile Raleigh cha Nottingham, viliisambaza baiskeli ya aina hii duniani, kisha viwanda vya India na China vikaichukua. Flying Pigeon cha Tianjin kilianza kuitengeneza mwaka 1950. Nayasema haya kwa sababu yana faida ya moja kwa moja kwa mnunuzi: umbo lililodumu hivyo lina vipuri kila mahali, na fundi anayelijua hahitaji kutafutwa mjini.

Sasa tazameni bomba hili la juu. Mtu akisimama juu ya fremu, nyayo zote mbili zikiwa zimekanyaga chini sawasawa, lazima ibaki nafasi ya sentimita kadhaa kati ya bomba na mwili wake. Kwenye fremu hii watu wengi wazima wanakosa nafasi hiyo, na mtoto wa shule ndiyo kabisa. Matokeo yake mnayafahamu: mtoto hupitisha mguu mmoja chini ya bomba, akaendesha akiwa amejipinda upande, bila kukaa kwenye siti na bila njia ya kuweka miguu yote miwili chini kwa haraka. Watu wazima humsifu kwa ushujaa, nami nakubali kwamba ni shujaa, lakini chombo kinachomdai mtoto ushujaa ili afike shule hakijamfaa. Mama aliyevaa sketi ndefu naye hana pa kupitishia mguu, hasa keria ikiwa imejaa mzigo hata mguu hauwezi kuzungushwa kwa nyuma.

Wapo watakaosema kwamba fremu iliyo wazi ni dhaifu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, maana pembetatu zinazofungwa na bomba la juu huzuia fremu isijipinde, na mkipakia mzigo mzito kwenye fremu iliyo wazi mtauhisi mpindo huo usukanini, hasa mnapoanza kuondoka. Hata hivyo, uzito uliowekwa kwenye keria haupiti katika bomba la juu. Hushuka kupitia vyuma vya keria na fremu ya nyuma hadi kwenye ekseli, na sehemu hiyo imejengwa sawa katika aina zote mbili. Kwa mizigo ya nyumbani, tofauti ya ugumu ni bei ndogo kulipia uhuru wa kila mtu kupanda na kushuka kwa usalama. Anayebeba magunia kwa biashara kutwa kucha, huyo nitamwambia achukue fremu iliyofungwa.

Nimefunga hapa madumu mawili ya lita 20, ambayo yakijaa maji ni kilo 40, yaani mara mbili hivi ya uzito wa baiskeli yenyewe. Angalieni yalivyoning'inia, moja kila upande, vitako vyake vikikaribia usawa wa ekseli. Mkiyapanga juu ya keria, moja juu ya jingine, uzito ni uleule, lakini kitovu chake kimepanda, na kila baiskeli inapolala kidogo upande mmoja, mikono yenu ndiyo inayoirudisha. Jambo la pili ni kwamba mzigo ukisogea nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele hupungukiwa na uzito, usukani ukawa mwepesi kupita kiasi na kuanza kutikisika mnapoteremka. Kwa hiyo mzigo ushuke chini na usogee mbele kadiri visigino vinavyoruhusu. Kwa kufungia, ukanda uliokatwa kwenye tyubu iliyochakaa unashinda kamba, kwa kuwa unavutika na kuendelea kubana hata mzigo unapojipanga upya njiani. Kila mara kagueni pia boliti za vyuma vya keria pale zinapoingia karibu na ekseli. Hizo ndizo zinazolegea kwanza kwenye njia ya mawe, na ikianguka moja tu, keria yote huinama upande.

Sehemu ninayowaomba muitazame kwa makini kuliko zote ni hii ninayoisogezea kamera: nafasi kati ya spoku na bomba la fremu upande wa nyuma. Mtoto akikaa kwenye keria huku ametanua miguu, kisigino chake huning'inia hapahapa. Akisinzia, au baiskeli ikiruka kwenye shimo, mguu huingia kati ya spoku, gurudumu linaendelea kuzunguka, na spoku pamoja na bomba la fremu hufanya kazi kama mkasi. Majeraha ya namna hii yanajulikana vizuri katika hospitali, nayo ni mabaya: ngozi ya kisigino huchunwa, na wakati mwingine mfupa wa mguu huvunjika. Mtengenezaji wa baiskeli hii ameweka keria inayovutia abiria, lakini hakuweka kizuizi chochote. Kwangu mimi hilo ndilo kosa kubwa zaidi la baiskeli hii, na halisameheki kwa kuwa dawa yake ni kipande cha bati, plastiki ngumu au wavu wa matundu madogo, kinachofungwa pande zote mbili kuanzia madigadi hadi karibu na ekseli. Kipimo chake ni rahisi: kidole cha mtoto kisipite. Mwongezeeni na vikanyagio viwili imara ili miguu iwe na mahali pake, mahali pa kushika kwa mikono, na kiegemeo cha mgongo. Viatu vilivyofungwa na kofia ngumu yenye mkanda vinamhusu abiria sawa na mwendeshaji. Mtoto ambaye bado hawezi kukaa wima mwenyewe na kukihimili kichwa chake, ambaye kwa kawaida hajatimiza mwaka mmoja, asipandishwe kabisa, hata njia iwe fupi vipi.

Breki zake nazipenda na kuziogopa kwa pamoja. Mkivuta mkono huu, fito hizi huinua kipande chenye umbo la kiatu cha farasi, na raba mbili hubana upande wa ndani wa rimu. Hakuna waya uliofichwa ndani ya mrija ukaoza pasipo kuonekana. Kila kiungo kipo nje, na fito iliyopinda hunyooshwa. Tatizo ni kwamba rimu ni ya chuma chenye mng'aro, na chuma hicho kikilowa, raba huteleza, hivyo umbali wa kusimama huongezeka mno ukilinganisha na siku kavu. Mwenye mzigo wa kilo 40 au mtoto nyuma, akiwa kwenye mteremko wakati wa mvua, hatakiwi kungoja afike kwenye kona ndipo ashike breki. Azishike kidogokidogo tangu juu, ili raba zifute maji kwenye rimu, na mteremko ukiwa mkali ashuke na kukokota. Zipo raba za breki zenye uso wa ngozi zilizobuniwa kwa ajili ya rimu za chuma zilizolowa, mkizipata, zifungeni. Ikiwa kijiji chenu kina vilima na msimu mrefu wa mvua, ningewashauri mtafute aina yenye breki ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume au ya ngoma, kwa sababu maji ya barabarani hayaifikii kwa urahisi.

Tukija kwenye mwendo, baiskeli hii haina gia za kubadilisha. Hii niliyonayo ina meno 44 mbele na meno 18 kwenye friwili, lile duara dogo la meno kwenye gurudumu la nyuma, maana yake kila mzunguko mmoja wa pedali unaisogeza mita tano na nusu hivi. Kwa mtu mmoja asiye na mzigo, kwenye barabara tambarare, ni sawa kabisa; ila akipakia maji au mtoto, kilima kidogo tu kinamshusha. Ombeni friwili ya meno 22. Mzunguko mmoja utawasogeza mita nne na nusu, na nguvu inayodaiwa na pedali itapungua kwa karibu moja ya tano. Mtapoteza mwendo, bila shaka, lakini mtu anayepiga pedali mizunguko 60 kwa dakika bado atakwenda kilomita 16 kwa saa, na sioni ni safari gani ya maji au ya shule inayohitaji zaidi ya hapo. Huenda mnyororo ukahitaji kuongezewa pingili mbili. Ni kazi ndogo kwa fundi, na kwa maoni yangu hakuna badiliko lingine linaloweza kumfanya kijana au bibi wa nyumba aipende baiskeli hii kwa kiasi hicho.

Kuhusu matunzo sitakaa sana, kwa sababu hapa ndipo chombo hiki kinapojisifu chenyewe. Kwa spana mbili tatu, pampu, viraka na solusheni, nyumba inajitegemea kwa mengi. Baiskeli nyingi za aina hii zina valvu iliyovikwa kimpira chembamba, nacho kikipasuka upepo hutoka polepole, watu wakatafuta pancha kwenye tyubu pasipokuwa na pancha. Wekeni kimpira cha akiba. Upepo wa tairi la nyuma ujazwe kulingana na kiwango kilichoandikwa ubavuni mwake, kwa maana tairi legevu lililobebeshwa mzigo hugonga rimu kwenye jiwe, na tyubu hutobolewa mara mbili kwa mpigo. Mnyororo upimeni kwa rula: pingili 24 za mnyororo mpya zina milimita 305 hivi, kutoka pini hadi pini, na zikizidi 307 ubadilisheni kabla haujayala meno ya friwili mpya mliyoigharamia. Pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa kinyume na ile ya kulia, jambo ambalo asiyelijua huishia kuikaza zaidi na kuharibu nyuzi zake.

Taa ya dinamo iliyofungwa hapa inawaka vizuri mkitembea kwa kasi, ila mkipanda kilima hufifia na mkisimama huzimika. Kiakisi chekundu nyuma na tochi ya kuchaji mbele ni lazima kwa yeyote atakayerudi baada ya jua kuzama.

Mkienda kununua, nendeni na mtu mfupi zaidi miongoni mwa wale watakaoiendesha kila siku, na siti ishushwe hadi miguu yake ifike chini. Aipande, aiendeshe, asimame ghafla, kisha afanye vivyo hivyo keria ikiwa na mzigo, maana baiskeli tupu hupendeza daima. Ikiwa imekwisha kutumiwa na mwingine, ilazeni chini muangalie mahali bomba zinapoungana na ekseli ya nyuma na sehemu ya juu ya foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, mkitafuta ufa mwembamba unaojitokeza kwenye rangi kama mstari wa kutu. Shikeni krenki zote mbili, yaani mikono ya chuma inayobeba pedali, mzitikise: mchezo wa upande mmoja mara nyingi ni kota pini (kipini kinachokaza krenki kwenye mhimili wake) iliyolegea, ambayo hubadilishwa papo hapo, lakini zikicheza zote kwa pamoja, gololi za ndani zimeisha na muuzaji apunguze bei kwa kiasi cha kazi hiyo.