Mkasi wa kupogolea kwa mwindaji wa bata mzinga: upi ununue, upi uuache dukani

Mwenyeji aliyenipeleka porini mara ya kwanza hapa Missouri, Marekani, alinikagua mifuko kama askari wa getini. Risasi za marisau, zipo. Kiboksi cha kuigia mlio wa bata jike, kipo. Leseni, ipo. Kisha akauliza: mkasi uko wapi? Nikadhani ananitania. Kwetu Kilimanjaro mkasi wa kupogolea ni wa miti ya kahawa. Sijawahi kuona mtu akienda nao kuwinda.

Saa moja baadaye nilikuwa gizani, nimekalia miiba ya waridi-mwitu, na sina la kufanya.

Huku bata mzinga dume huwindwa Aprili na Mei, wakati wa kupandana. Unafika kabla ya alfajiri, unaegemea mti mpana kuliko mabega yako, unaita, unasubiri. Pua ya ndege huyu si ya kutisha, ila macho na masikio yake usiyafanyie mchezo. Kijitawi kimoja kikikwama kwenye mtutu wakati unaugeuza taratibu, asubuhi yako imekwisha. Kwa hiyo kukiwa bado giza unasafisha pa kukaa, unaondoa vijitawi vya usawa wa kifua, na vile ulivyokata unavichomeka ardhini mbele yako viwe pazia.

Wauza vifaa vya bustani husifu mkasi kwa unene wa tawi unaoweza kulikata. Kwetu sisi hicho si kipimo. Tawi letu ni la unene wa kidole, likizidi sana dole gumba. Linene zaidi ya hapo, hamia mti mwingine. Pima mambo mawili: sauti na rangi.

Kwa sauti, chukua mkasi ambao makali yake yanapishana, kama mkasi wa fundi cherehani. Unapita kwenye mti mbichi kimya. Ule ambao kali moja linagonga bamba bapa huponda tawi na kumalizia kwa "tak!" Na ule wenye meno ya kukaza hatua kwa hatua, unaosifiwa kwa watu wenye viganja dhaifu, hulia kri-kri-kri hadi ng'ambo ya bonde. Kijiti kikavu kikivunjika porini, ndege anaweza kudhani ni paa anapita. Chuma kikigonga chuma hadhani kitu kingine.

Basi, mpangilio wangu ni huu.

Wa kwanza ni Felco 6, wa Uswisi, kutoka kampuni iliyoanza mwaka 1945. Kaka yake maarufu ni Felco 2, anayekata hadi milimita 25. Huu namba 6 unaishia kwenye 20 na ni mfupi, unakaa mfukoni bila kukuchoma nyonga unapochuchumaa. Kali, springi na hata skrubu vinauzwa kimoja kimoja, kwa hiyo hununui mwingine kila msimu. Bei inauma, lakini inauma mara moja.

Wa pili ni Fiskars wa kawaida, ule wa bei ya chini wenye makali yanayopishana. Makali yake hayadumu kama ya Mswisi, ila nusu ya mikasi ya wawindaji huishia kusahauliwa chini ya mti, na huu hautakuliza. Kama ndiyo msimu wako wa kwanza, anza na huu.

Wa tatu ni Okatsune 103 wa Japani. Kwa ukali pekee ningeuweka juu ya wote. Tatizo springi yake ni ngumu na hufunguka kwa upana, na ukiwa na glovu kwenye giza utahangaika nao. Isitoshe mshikio mmoja ni mwekundu na mwingine mweupe.

Hapo ndipo penye hatari yenyewe. Kichwa cha bata mzinga dume aliyechachamaa huwa chekundu, cheupe na cha buluu. Ndiyo maana wawindaji hufundishwa wasivae rangi hizo porini: mwenzako aliye upande wa pili wa kichaka anaona wekundu ukichezacheza, na ana bunduki. Sasa watengenezaji wa mikasi wanapenda mishikio myekundu, Felco nao wamo, ili mkulima auone ukimwangukia kwenye nyasi. Zungushia mishikio utepe wa kitambaa wa kijani au kahawia, yote, hadi karibu na makali. Usitumie mweusi, manyoya ya ndege yenyewe huonekana meusi kwa mbali. Hii ni kazi ya dakika tano, na mkasi usiofungwa utepe mimi siingii nao porini hata ungekuwa wa dhahabu.

Nunua na ala ya ngozi iliyo wazi juu. Mkoba wa kwanza nilionunua ulifungwa kwa velkro. Niliuvuta dume akiwa kama hatua hamsini, anaitika vizuri, na baada ya ule mchaniko sikumsikia tena.

Kabla hujakata chochote, uliza. Kwenye shamba la mtu ruhusa ya kuwinda si ruhusa ya kukata miti yake, na maeneo mengi ya umma yanakataza kukata mimea hai. Ukiruhusiwa, kata usawa wa udongo. Kisiki kilichoachwa mshazari ni mkuki, na wa kukikalia ni wewe.

Angalia pia ule mtambaazi wenye majani matatu matatu unaopanda kwenye miti ya huku. Mafuta yake huwasha ngozi kwa wiki nzima na hubaki kwenye makali usipoyaosha kwa sabuni. Wapo wanaotumia mkasi huohuo kukatia mabawa na miguu ya ndege wakishampata. Mimi kazi hiyo naifanya na mkasi mwingine wa jikoni unaokaa kwenye gari.