Forester Yangu ya Mnada wa Japani, na Mstari Mmoja Ambao Haukutafsiriwa

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi alfajiri, nimekaa sebuleni kwangu Kireka na simu mkononi. Japani wametutangulia saa sita, kwa hiyo kule ilikuwa saa nne ya asubuhi na mnada umeshaanza. Huko hakuna mnadi anayepiga kelele na nyundo. Wanunuzi wanabonyeza vitufe, bei inapanda kwenye skrini, na gari moja linakwisha kwa sekunde chache tu. Wakala wangu alikuwa na kikomo nilichompa, yeni 1,150,000. Ujumbe ukaingia: "Tumelipata kwa 1,060,000." Nilimwamsha mke wangu kumwambia.

Gari lenyewe ni Subaru Forester ya 2016, injini ya lita 2.0 isiyo na tabo, yenye EyeSight, mfumo wa kamera unaomsaidia dereva. Ninaliendesha mwaka wa pili sasa. Wenzangu wa Subaru hapa Kampala wananiuliza kila tunapokutana kama kununua mnadani kupitia wakala ni bora kuliko kwenda kuchagua gari bondi, yaani kwenye yadi za magari yaliyokwishaletwa nchini. Mimi nasema ni bora, na nitarudia njia hiyo hiyo. Lakini yapo yaliyonigharimu ambayo mwenzangu hana haja ya kuyalipia tena.

Mapenzi yangu kwa Subaru yana miaka. Nimezaliwa Malaba, na pale mpakani habari za Safari Rally zilitufikia kwa redio za Kenya, kwa Kiswahili. Colin McRae aliposhinda Safari ya 1997 na Impreza yake ya buluu, sisi watoto tulikuwa tunaviita vigari vyetu vya waya Subaru. Miaka miwili baadaye Charles Muhangi, Mganda, akawa bingwa wa mbio za magari wa Afrika. Tangu hapo sijawahi kuisikia injini ya boksa ya Subaru ikipita bila kugeuza shingo.

Impreza za enzi hizo sasa hazipatikani kwa kuagiza. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililofikisha miaka 15 tangu kutengenezwa, kwa hiyo zile za miaka ya tisini zilizopo nchini ndizo hizo hizo. Ninawajua watu wawili wanaozitunza kama watu wanavyotunza ng'ombe wa mahari. Kwetu tulio wengi, uchaguzi ni gari la miaka ya karibuni, na gari la miaka ya karibuni linakuja na kamera na kompyuta zake. Hapo ndipo nilipoangukia Forester.

Wakala aliponitumia picha, aliambatanisha karatasi ya mnada, na karatasi hiyo ndiyo roho ya biashara yote. Japani mkaguzi ni mtu wa mnada, si wa muuzaji. Analizunguka gari, anaandika gredi, yaani alama ya hali ya gari zima, juu kwenye kona, anaweka herufi ya hali ya ndani, kisha anachora alama kwenye mchoro wa gari uliotandazwa kama ngozi ya mbuzi. A ni mkwaruzo, na namba inayofuata ni ukubwa wake: A1 unaweza usiuone, A3 utauona ukiwa ng'ambo ya barabara. U ni kubonyea. W ni pale palipowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lililowahi kupata ajali ya kugusa fremu halipewi namba ya kawaida, linapewa R. La kwangu lilikuwa na gredi 4, ndani B, kilomita 78,000, A1 mbili mlangoni na U1 moja nyuma. Gari lilipofika nilichukua karatasi ile nikalizunguka kwa tochi usiku, na kila alama ilikuwa mahali pake. Ile U1 niliitafuta kwa vidole kabla ya kuiona kwa macho.

Tuseme kweli, kwenye bondi hupewi heshima hiyo. Gari limeng'arishwa, linanukia, na ukiuliza karatasi unaambiwa ilibaki Mombasa. Hata kule duniani kwa matajiri, ile Mercedes-Benz 300 SLR ya 1955 iliyouzwa kwa euro milioni 135 mwaka 2022 haikununuliwa kwa kung'aa kwake. Historia yake ilikuwa inajulikana. Mtu wa kawaida anayekusanya mamilioni yake kwa miaka minne anastahili kuijua historia ya gari lake vilevile.

Sasa nije kwenye mstari wenyewe. Chini ya mchoro kuna kisanduku ambamo mkaguzi anaandika kwa mkono, kwa Kijapani, maneno ambayo hayana alama maalumu. Wakala alinitafsiria gredi, kilomita, rangi na vifaa. Kile kisanduku cha mwandiko alikiruka. Nami sikuuliza, kwa sababu gredi 4 ilinitosha.

Meli ilifika Mombasa salama. Gari likapata karatasi za transiti na dereva, kijana wa Kisauni mwenye adabu sana, akaanza safari. Usiku wa pili akanipigia simu kutoka Timboroa, kwenye nyanda za juu za Kenya.

"Mzee, shikamoo. Samahani kwa kukuamsha. Kioo cha mbele kimeingia ufa."

"Umepigwa jiwe?"

"Hapana mzee, sijapigwa na kitu. Kulikuwa na kidoa kidogo pale juu upande wa kulia, nilikiona tangu bandarini. Huku baridi ni kali, nikawasha hita, nikasikia tak. Ufa umetembea mpaka karibu na kioo cha kutazamia nyuma."

Joto la Mombasa, baridi ya Timboroa, hita kwa ndani: kioo chenye jeraha hakivumilii hayo. Baadaye jirani yangu aliyesomea Japani alikisoma kile kisanduku. Kilikuwa na maneno machache tu, na mojawapo lilikuwa tobiishi, yaani jiwe lililoruka. Mkaguzi alikuwa ameona. Alikuwa ameandika. Nilipomrudia wakala, jibu lake lilikuwa kwamba karatasi alinitumia nzima, na hilo ni kweli. Lakini ada niliyomlipa ilikuwa pamoja na tafsiri, na tafsiri inayoacha mwandiko wa mkaguzi imeacha nyama ikaleta mchuzi. Hakunirudishia hata shilingi moja. Nilisikitika, na bado nasikitika, kwa sababu kazi yake nyingine yote aliifanya vizuri: bei hakuizidisha, cheti cha ukaguzi wa kabla ya kusafirisha kilikuja kwa wakati, na mawasiliano yalikuwa ya kila siku.

Kwa upande wa fedha nitapita haraka. URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, hawakadirii kodi kwa bei uliyolipa mnadani. Wana orodha yao ya thamani za magari yaliyotumika, na juu ya hapo kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18, na kodi ya zuio ya asilimia 6. Kila kitu kikijumlishwa, pamoja na usafiri na wakala wa forodha, gari lilinisimamia kama shilingi milioni 61 hadi kupata namba. Gari la namna hiyo kwenye bondi nililiona kwa milioni 68, bila karatasi.

Ufa kwenye gari la kawaida ungekuwa jambo la siku moja. EyeSight ndiyo iliyolifanya kubwa. Mfumo huu hautumii rada. Una kamera mbili zilizobandikwa juu ya kioo cha mbele, moja kila upande wa kioo cha kutazamia nyuma, na zinapima umbali kama macho ya binadamu, kwa kulinganisha picha mbili. Subaru waliutoa Japani mwaka 2008 kwenye Legacy, na toleo la tatu, lililoko kwenye gari langu, lina kamera za rangi. Kwa hiyo kioo ni sehemu ya macho yenyewe. Kikiwa na wimbi dogo au kikiwa si cha unene ule, kamera zinakadiria umbali kwa uongo.

Hayo sikuyajua. Nilikwenda soko la vipuri la Kisekka, nikapata kioo kwa shilingi 450,000, kikawekwa adhuhuri moja, safi kabisa kwa macho yangu. Niliwasha gari, na taa ya njano ya EyeSight ikabaki inawaka. Fundi wangu wa Katwe, mtu wa Bunia ambaye ameshika Subaru maisha yake yote, alikuja, akainama chini ya dari, akawasha tochi ya simu kwenye kamera, akanyamaza kidogo.

"Kaka, hii kioo si ya kamera," akasema. "Angalia hapa juu. Ya kwake ina dirisha mbili safi, hii ina nukta nyeusi mpaka kwenye jicho. Gari inaona kama mtu mwenye pazia."

Nikalipa mara ya pili. Kioo halisi, kilichotolewa kwenye Forester iliyokatwa, kilinigharimu milioni 1.4. Kisha kamera zinahitaji kupimwa upya: gari linasimamishwa kwenye sakafu iliyonyooka, mbele yake unawekwa ubao wenye michoro kwa umbali uliopimwa kwa futi, na mashine inaunganishwa ili kamera zijue zilipo. Niliulizia karakana nyingi kabla ya kupata moja yenye mashine na mtu anayeijua. Gharama ikawa laki sita. Nilisimama pale nikiangalia, na ile taa ya njano ilipozimika nilimshika fundi mkono kwa nguvu.

Je, mfumo wenyewe unafaa Uganda? Barabara ya mwendokasi ya Entebbe ndiyo nyumbani kwake. Unalipa tozo ya 5,000, unaingia Busega, unaweka mwendo wa 90, unachagua umbali wa kuachia gari la mbele, basi. Nimekuta basi la abiria linakwenda 60, gari likapunguza lenyewe taratibu, likakaa nyuma yake, na basi lilipohama likapanda tena hadi 90 bila mguu wangu kugusa kitu. Ukitoka nje ya mstari bila kuwasha indiketa linalia. Nimetoka uwanja wa ndege usiku nimechoka na kengele ile imenirudisha barabarani mara moja. Kwa hiyo moja tu naishukuru.

Kwenye foleni ya barabara ya Jinja, kuanzia Banda hadi Nakawa, linakuambia gari la mbele likishaondoka, na hilo nalipenda. Tatizo ni bodaboda. Boda anakuchomekea mbele ya bampa sentimita ishirini, na mfumo unaona ukuta. Mara moja pale Kalerwe ulifunga breki kwa nguvu kwa ajili ya boda ambaye alikuwa ameshapita, na teksi ya nyuma yangu ilisimama kwa kulia matairi. Tangu siku hiyo nikiingia katikati ya mji nabonyeza kitufe cha juu ya kichwa na kukishikilia hadi breki ya kujiendesha izime. Ukizima injini na kuwasha tena, inarudi yenyewe, kwa hiyo ni kazi ya kila safari.

Mvua yetu kubwa inazipofusha kamera. Jua la jioni linalokuja usoni vilevile. Mfumo unajizima, unakuambia, na hali ikitulia unarudi. Vumbi la barabara za murramu linatanda kwenye kioo, kwa hiyo wipa na maji yake visikose. Pale juu usibandike stika, usitie tinti, usitundike tasbihi wala manukato. Na mwosha magari mwambie mapema: kwa ndani, asiguse zile lenzi mbili kwa kitambaa.

Mambo madogo yapo. Kila ninapowasha, sauti ya mama wa Kijapani inaniambia kadi ya barabara za kulipia haijaingizwa. Watoto wangu wameikariri na wanaitikia pamoja naye. Redio ilikuja na masafa ya Japani, ambayo yanaanzia 76 na hayafiki kwenye stesheni zetu nyingi, ikabidi nifungiwe kifaa cha kubadilisha. Injini haina ule mngurumo wa Impreza za tabo, na anayetaka mngurumo atafute gari jingine. Lakini kimo chake kutoka ardhini, milimita 220, kimenipeleka kijijini Tororo wakati wa mvua kubwa ambapo pikapu zinazosukumwa na magurudumu mawili tu ziliachwa kando, na kwenye matope yale nilibonyeza X-Mode, kitufe cha kusaidia magurudumu yasiteleze, nikapanda kilima polepole kama ninapanda ngazi.

Wiki iliyopita shemeji yangu wa Mbale alinitumia karatasi ya mnada ya Subaru Levorg anayoitaka. Gredi 4.5, kilomita 61,000, mchoro karibu mweupe wote. Kwenye kisanduku cha chini kuna mistari miwili ya mwandiko. Nimeipeleka kwa jirani, na nimemwambia shemeji asitume fedha hadi tuijue yote miwili.