Ua la "Uholanzi" lenye ndugu zake Tukuyu

Nyota tatu kati ya tano, na nusu ya hizo ni za udongo.

Mimi ni fundi cherehani, banda langu liko Mwanjelwa, hapa Mbeya. Mbele kuna kibaraza kisichoona jua mpaka alasiri, na kila nilichopanda pale kilikufa. Mteja mmoja akanielekeza kwenye bustani ya miche iliyo barabarani ukienda Uyole. Jina silitaji, samadi bado nainunua kwao.

Kijana wa pale alinisikiliza habari za kivuli changu, akanipa kiriba chenye ua la rangi ya waridi. "Hili linatoka Uholanzi, dada." Elfu tano. Nikavuta mpaka elfu nne, nikabeba viwili kwenye bajaji.

Udongo wao sina la kusema: mweusi, umechanganywa mboji na pumba za mpunga, ukimwagia maji hayatuami. Na ua lenyewe lilipenda kibaraza changu. Ukilisahau kulinywesha, mchana linalala chini kama kitenge kilicholowa, ukilipa maji muda si mrefu limesimama. Miezi saba sasa halijaacha kuchanua.

Shida ilianza Desemba, nilipokwenda kwa shangazi Tukuyu. Chini ya migomba, kando ya kijito anakoteka maji, nikakuta ua langu limejaa kama magugu. Nilitoa simu nikalinganisha na picha jinsi ninavyolinganisha vitambaa. Petali tano bapa; shina la majimaji, karibu unaona ndani; majani yenye ukingo wa meno madogo; na nyuma ya ua kimkia chembamba kama uzi, kimepinda, urefu wake kama pini. Mtoto wa jirani akanimalizia ubishi: aliminya kitumba kilichoiva, kikapasuka paa, mbegu zikanirukia usoni. Niliporudi Mbeya nikaminya cha kwangu. Paa!

Mpwa wangu alinitafutia jina: Impatiens walleriana. Neno la kwanza ni Kilatini, maana yake asiye na subira, kwa sababu ya hivyo vitumba. Asili yake ni huku huku Afrika Mashariki, kuanzia Kenya mpaka Msumbiji. Wazungu waliwahi hata kuliita sultani, kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar. Shangazi aliposikia nimelitolea elfu nane alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa haki, yule kijana hakudanganya lote. La dukani ni fupi, limejikusanya, na ua lake ni pana kuliko la kijitoni, kwa kuwa huko nje wamelichagua na kulizalisha miaka mingi. Ni kama pamba yetu: inaondoka robota, inarudi shati la mtumba, na sisi tunagombania.

Nyota niliyoikata kwa hasira ni ya jambo lingine. Pembeni walikuwa na okidi kwenye gunia, zimeng'olewa na viazi vyake, udongo bado mbichi. "Za Kitulo hizo," akaninong'oneza kama anayeniuzia dhahabu. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005. Kama ni kweli, ni wizi. Kama ni uongo, mtu bado kazing'oa mahali. Nikaziacha.

Kwa hiyo ukienda, chukua samadi na udongo. Hili ua usilinunue. Kata tawi la urefu wa kidole chini kidogo ya kifundo, toa majani ya chini, litumbukize kwenye glasi ya maji. Langu lilitoa mizizi siku ya kumi, nikalihamishia kwenye kopo la mafuta ya kula nililotoboa matako. Ukipata mbegu usizifukie, zinyunyize juu tu, zinataka mwanga. Kuanzia Juni, baridi yetu ikishika, liingize ndani usiku. Moja nililisahau nje, asubuhi nikalikuta limeiva kama mchicha.

La Tukuyu nimelipanda kopo moja na "Mholanzi", na wateja wanaosubiri kupimwa huwa nawauliza lipi ni lipi. Anayetaka tawi aje na glasi yake, zangu zimekwisha.